Jiwe Lililopakwa Samli

Asubuhi ya siku ile nilikunywa supu, na supu hiyo ndiyo iliyoniharibia siku.

Mama lishe wa jirani na chumba nilichopanga, pale Kagongwa, huweka kitunguu saumu kwenye supu ya ng'ombe bila huruma. Nilikuwa nimemaliza bakuli ndipo nikakumbuka kwamba siku hiyo ninakwenda kuongea na watu. Nikarudi chumbani kupiga mswaki. Nikapumulia kiganja, nikakinusa. Kilinuka kitunguu saumu, lakini kiganja hichohicho ndicho nilichomegea chapati na kuchovya kwenye supu, kwa hiyo sikuweza kujua harufu inatoka kinywani au mkononi. Nikanawa mikono kwa sabuni, nikapiga mswaki tena, nikapumulia mkono wa kushoto. Nao ulinuka sabuni tu, jambo lililonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu sabuni inaweza kuficha mambo. Bosi wangu alikuwa anapiga honi barabarani.

Bosi wangu ni mama mtu mzima aliyesomea madini mpaka shahada za juu, na ana maabara ndogo inayohamishika, maana yake ni pikapu moja yenye masanduku nyuma. Huendesha mwenyewe, kwa mwendo wa mtu ambaye hajawahi kuwaza kuhusu matairi. Mimi huwaza kuhusu matairi.

"Kijana, shingo inauma?" aliniuliza tulipokuwa tumeshaiacha lami.

"Hapana, mama."

"Mbona unaongea umegeukia dirishani?"

Nikamwambia ninaangalia mandhari. Nje kulikuwa na vumbi, na punda mmoja aliyekuwa akituangalia.

Hapo nieleze kazi yenyewe, kwa sababu hata nyumbani kwetu Ushirombo bado wanaamini ninatafuta dhahabu kwa tochi. Kazi yetu ni kuyauliza mawe yametengenezwa na nini, na tunayauliza kwa leza. Tuna mashine mbili. Ya kwanza tunaiita ya cheche. Hulipiga jiwe kwa mwali mfupi na mkali mno, chembe ndogo isiyoonekana kwa macho ikaungua na kutoa cheche. Kila elementi ikiungua namna hiyo hutoa rangi zake, na mashine huzisoma: hapa kuna chuma, hapa kuna silikoni. Ya pili tunaiita ya minong'ono. Leza yake ni ya upole. Huliangaza jiwe tu, na mwanga kidogo sana hurudi ukiwa umebadilika, kutokana na jinsi chembe za ndani zilivyoshikana na zinavyotikisika. Mwanga huo ni hafifu. Kuusoma ni kama kumsikiliza mtu anayenong'ona katikati ya mnada wa ng'ombe.

Mama mwenye nyumba wangu aliponiuliza kwa nini mashine mbili wakati jiwe ni moja, nilimpa mfano wa pilau. Nikamwambia ya cheche itakuambia kwenye sufuria mna mchele, nyama, vitunguu na bizari, lakini haitakuambia kama ni pilau au ni wali mweupe na mchuzi pembeni. Ya minong'ono ndiyo itakayokuambia ni pilau. Ukizitumia pamoja, unajua kilichomo na unajua kimeungana vipi.

"Mimi ningefunua mfuniko," alisema.

Siku hiyo tulikuwa tunakwenda kijiji kimoja upande wa Mwakitolyo. Huko kuna kikundi cha kina mama wanaoponda mawe ya dhahabu kwa nyundo, yakishakuwa madogo ndiyo yanapelekwa kwenye karasha kusagwa. Kwa muda mrefu waliponda juani. Mwenyekiti wao alihangaika, akakaa kwenye mabenchi ya ofisi, akarudi, akaenda tena, mpaka kikundi kikapata banda lao la nguzo na mabati, kwenye uwanja ulio jirani na pampu ya maji. Pale mtu anaponda yuko kivulini, anamwona mwanawe anacheza, na maji yako hatua chache. Wageni wakifika kijijini hupelekwa kuliona banda kabla hawajaonyeshwa kitu kingine.

Kisha likafunguliwa duara jipya. Duara ni lile shimo la kushukia kwenye mwamba. Mawe yake yalikuja yakiwa na ukoga wa kijanikijivu juu, unaopukutika kama unga. Mhudumu wa afya aliyepita akawaambia huo unga huenda una aseniki, na aseniki ni sumu. Alisema "huenda". Ndipo kina mama wakatuita. Swali lao lilikuwa moja: mawe haya tunaweza kuyaponda bandani kwetu, au hatuwezi? Jioni ile wangekaa kikao na kuamua.

Sikulala vizuri kwa sababu ya swali hilo. Tukisema mawe ni salama kumbe si salama, watoto watacheza kwenye sumu kwa sababu yangu. Tukisema ni sumu kumbe si sumu, kina mama watarudi juani kwa sababu yangu. Nililigeuzageuza mpaka nikaanza kujiuliza kama kuna jibu la tatu ambalo mtu anaweza kulitoa na kuondoka haraka.

Tulipofika, kina mama walikuwa wamekaa bandani, nyundo zimetulia. Mwenyekiti alisimama kutupokea. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka bonde la pili.

"Shikamoo, mama," nilisema, kiganja mdomoni.

"Marahaba, baba. Unaumwa jino?"

"Hapana, mama."

"Basi toa mkono tukusikie."

Nikautoa mkono nikapumua kwa pua. Nikaendelea kusalimia waliobaki, na hapo nikakwama kwa msichana mmoja ambaye hakuwa bandani. Alikuwa amekaa peke yake ng'ambo ya uwanja, mbali kabisa, upande ambako upepo ulikuwa unaelekea, kwenye kijiwe chake na nyundo yake. Sikujua kama nimfuate kule au nimpungie mkono, na kama nikimpungia, watu wataelewaje.

"Yule mwache," mama mmoja aliniambia. "Yule ni Kitunguu."

"Kitunguu?"

"Kitunguu saumu, baba. Anakula kama dawa. Alipojiunga tu na sisi, banda zima likaanza kunuka. Ukiponda, unanuka. Ukipumzika, nafuu. Tukamwambia dada, kwa heri, kakae kule upepo ukusaidie."

"Sili kitunguu saumu!" yule msichana alipaza sauti kutoka kule. Alikuwa na masikio mazuri. "Nimewaambia mpaka nimechoka! Kwetu hata hatukipandi!"

"Na harufu ilibaki ulipohama, hatujui umetuachia nini!"

Wakacheka. Mimi sikucheka. Nilifunga mdomo wangu kabisa, kwa sababu kama banda hili linamhamisha mtu kwa harufu ya kitunguu saumu, basi mimi na supu yangu tulikuwa na saa chache tu za kukaa humo.

Mawe yalikuwa yameandaliwa. Yalipangwa juu ya kitenge kilichofuliwa, na niseme kweli, yalikuwa mawe mazuri. Yaling'aa. Kwenye kazi hii nimezoea kupewa mawe yenye tope, mawe yaliyofungwa kwenye kiroba cha mbolea, jiwe moja lililokuwa na kinyesi cha kuku. Haya yalipangwa kama vikombe vya wageni kabatini. Nikawashukuru. Kina mama wakatazamana kwa fahari.

Tukawasha jenereta, tukaweka mashine ndani ya sanduku lake jeusi ili mwali usitoke nje, tukavaa miwani. Bosi akakaa kwenye kiti cha plastiki, akaniambia nianze na ya minong'ono, kisha akafunga macho. Bosi wangu hufikiri akiwa amefunga macho. Au husinzia. Sijawahi kujua, na sijawahi kupata namna ya kuuliza.

Niliweka jiwe la kwanza, nikaelekeza leza kwenye ukoga, nikasubiri. Mchoro uliotokea kwenye kompyuta haukuwa mnong'ono. Ulikuwa kelele: mwanga mwingi umevimba kama mlima, na juu ya mlima huo, vilele vichache vimechomoza. Nikaiambia kompyuta ilinganishe na kumbukumbu zake. Kumbukumbu hizo zina maelfu ya vitu, si mawe tu. Aliyezitengeneza aliweka dawa, plastiki, na hata vyakula. Kompyuta ikafikiri, kisha ikatoa jibu.

Siagi.

Nikalisoma tena. Nikavua miwani, nikalisoma. Nikatazama kama bosi amefungua macho. Hajafungua.

Nikajipa moyo kwamba lenzi ni chafu. Chapati, nikajiambia. Umeshika lenzi kwa mkono wa chapati. Nikaisafisha kwa spiriti, nikaikausha, nikaisafisha tena. Nikapima. Siagi. Nikabadilisha jiwe. Siagi. Nikachukua jiwe la tatu, kutoka mwisho kabisa wa kitenge, ambalo lilionekana halina uhusiano na wenzake. Kompyuta ikasita kidogo, na nikapata matumaini. Kisha ikaandika: siagi, au mafuta mengine ya wanyama.

Hapo akili yangu iliondoka yenyewe. Niliwaza kwamba leza imeharibika, na imeharibikia mikononi mwangu. Niliwaza kwamba zipo sehemu za dunia ambako miamba ina mabaki ya viumbe vya kale, mafuta ya ardhini, na huenda duara hili limegusa kitu ambacho hakijaandikwa popote. Nikajiona mbele ya wanasayansi nikieleza ugunduzi wa siagi ya kale Shinyanga. Nikaona mmoja wao anainua mkono kuuliza asubuhi hiyo nilikula nini. Nikarudi.

Nikahamia mashine ya cheche, bila kumwambia mtu. Mashine ya cheche haina mizaha, nilijiambia. Nikapiga mara moja. Kaboni. Haidrojeni. Sodiamu kidogo. Nikakaa nikaitazama mistari ya rangi hizo kwenye kompyuta. Mwamba wa dhahabu, usio na silikoni, wenye kaboni na chumvi. Mashine mbili zilikuwa zimekubaliana, na kilichonitisha ni kwamba zilikubaliana juu ya upuuzi.

"Unaona nini?" bosi aliuliza, macho bado yamefungwa.

"Bado, mama. Bado naangalia."

"Nimekuuliza unaona nini. Sijakuuliza umemaliza."

Nikasogea karibu na sikio lake, nikakumbuka supu, nikarudi nyuma, kwa hiyo nililazimika kusema kwa sauti.

"Siagi."

Bosi akafungua jicho moja.

"Siagi?"

"Au mafuta mengine ya wanyama. Na chumvi kidogo."

Mama mzee kuliko wote, aliyekuwa amekaa karibu na kitenge, akapiga makofi.

"Mayu wee! Mashine imeona samli!"

"Imeona samli!" wengine wakaitikia, na banda likapasuka kwa vifijo. Mmoja akasimama akacheza kidogo. "Nani alisema hii mitambo ya uongo? Imeona mpaka chumvi!"

Bosi alifungua jicho la pili. "Samli imefikaje kwenye mawe?"

Mwenyekiti alimshangaa. "Tumeyapaka, mama."

"Mmeyapaka."

"Si wageni wanakuja? Jiwe lilikuwa limepauka, linatoka unga. Mtoto wako ukimtuma kwa watu utamtoa amepauka hivyo? Watasema hana mama. Tukayapaka samli kidogo, yakapendeza."

"Tulitaka kupaka yale mafuta ya mgando ya dukani," mama mzee aliongeza, "mimi nikakataa. Nikasema yale yana kemikali, yatawachanganya hawa watu kwenye vipimo. Tumieni samli. Samli ni ya ng'ombe wetu, haina kitu."

Bosi aliwatazama, akayatazama mawe, akanitazama mimi. Kama aliwahi kucheka mbele yangu, ilikuwa siku hiyo, na alicheka mpaka akatoa kitambaa.

Nikapata nguvu. "Basi tuyaoshe," nilisema.

"Ukiyaosha," bosi alisema akijifuta macho, "ule unga wa juu, tuliokuja kuupima, utakwenda wapi?"

"Au tuyapasue," mwenyekiti alisema, akishika nyundo.

"Ukilipasua nitaona tumbo la jiwe, mama. Swali lenu ni la ngozi."

Ndivyo ilivyokuwa. Sumu, kama ipo, ilikuwa kwenye ukoga ule unaopukutika, na ukoga ulikuwa umelowa samli. Mawe mengine yasiyopakwa hayakuwepo. Waliyapaka yote, hata yaliyokuwa yamebaki kwenye kiroba, ili isionekane wamebagua. Na duara siku ile lilikuwa limefungwa, wanaume wanatoa maji. Nikaanza kuona jioni inakuja, kikao kinakaa, na sisi tunasema mawe yenu yana siagi, kwa herini.

Niliendelea kuitazama ile mashine ya cheche. Ninapokuwa na hofu mikono yangu hutaka kufanya kitu, kwa hiyo nilipiga tena palepale nilipokwishapiga. Kaboni. Nikapiga tena. Kaboni, lakini kidogo. Nikainua kichwa. Kila cheche inaunguza kidogo na kushuka kidogo. Cheche ya kwanza inasoma juu kabisa, inayofuata inasoma chini yake, kama mtu anayekula ugali kwa kijiko kimoja kimoja kuelekea kwenye sufuria. Samli ilikuwa nyembamba. Haikuwa ukuta. Ilikuwa tabaka la juu tu.

"Mama," nilimwambia bosi, "tuile samli."

"Endelea. Punguza nguvu, usiutoboe ukoga."

Nikapunguza nguvu, nikapiga palepale, taratibu. Mstari wa kaboni ukashuka. Sodiamu ikafifia. Halafu chuma kikainuka. Na kando ya chuma, mahali ambapo nilikuwa nimepatazama mno kwenye picha za mafunzo usiku uliopita, ukachomoza mstari mwembamba, kisha mwingine mahali pake panapostahili. Aseniki. Nikapiga tena ili iondoke. Haikuondoka, iliongezeka.

Na hapo ndipo harufu ikanifikia.

Kitunguu saumu. Hafifu, lakini hakuna kosa. Nilikuwa nimeinama juu ya sanduku, nikipumua kwa mdomo kwa sababu ya msisimko, na sasa supu ilikuwa imenitoroka mbele ya watu. Nikaziba mdomo, nikarudi nyuma hatua kadhaa, nikakigonga kiti cha bosi.

"Mnasikia?" mama mmoja alisema, pua juu. "Imeanza!"

"Kitunguu! Bhebhe, wewe! Umekula nini tena?"

"Mimi niko huku!" msichana aliruka kwenye kijiwe chake kule mbali, mikono kiunoni. "Niko huku, na upepo unatoka kwenu unakuja kwangu! Nitawanukiaje?"

Kina mama wakatazamana. Ilikuwa kweli. Upepo ulikuwa unavuma kutoka bandani kwenda kwake, na kitambaa chake cha kichwa kilikuwa kinapepea kuuelekea upande wa pili.

"Basi ni nani?" mwenyekiti aliuliza, na macho yake yakaanza kupita uso mmoja mmoja.

Sikuweza kuvumilia. Kuna watu wakishtakiwa hukana. Mimi hukiri kabla sijashtakiwa. Nikatoa mkono mdomoni.

"Ni mimi, mama. Nilikunywa supu."

Bosi akainuka, akaja, akanisogelea karibu kabisa na kunusa, kama daktari wa ng'ombe anavyonusa.

"Wewe unanuka dawa ya meno," alisema. "Sana."

Akainama juu ya sanduku, akanusa pale. Akaniashiria nipige cheche nyingine. Nikapiga. Akanusa tena, na uso wake ukabadilika. Utani uliondoka.

"Kina mama," alisema. "Hii harufu, mlisema ilianza lini?"

"Huyu dada alipojiunga."

"Na mawe ya duara jipya yalianza kuletwa lini?"

Niliona jibu linapita kutoka uso hadi uso. Mama mzee ndiye aliyesema, polepole: "Msimu huohuo."

"Aseniki ikipata moto, au ikigongwa kwa nguvu pamoja na mawe yake, hunuka kitunguu saumu," bosi alisema. "Mkiponda, inanuka. Mkipumzika, nafuu."

Hayo yalikuwa maneno yao wenyewe ya asubuhi, na kila mtu aliyakumbuka. Kule ng'ambo ya uwanja msichana alikuwa bado amesimama, mikono kiunoni. Nadhani alikuwa anaiacha habari iwaingie.

Harufu si kipimo, na bosi alikuwa wa kwanza kusema hivyo. Nikarudi kwenye ya minong'ono. Pale ambapo cheche za nguvu ndogo zilikuwa zimeiondoa samli, pembeni mwa kidonda kidogo cha leza, ukoga ulikuwa wazi kwa mara ya kwanza. Nikaelekeza mwali wa upole hapo. Kelele ilikuwa imeondoka. Mchoro ulikuja mtulivu, na kilele chake kikubwa kikasimama mahali ambapo, ukilinganisha, panakaa madini ya aseniki iliyoungana na chuma na maji. Nikarudia kwenye jiwe la pili. Nikarudia kwenye lile la mwisho wa kitenge. Kompyuta haikutaja siagi tena.

Hapo ndipo mashine mbili zilipokuwa na maana yake. Ya cheche ilisema aseniki ipo. Ya minong'ono ilisema ipo katika hali gani: haikufungiwa ndani ya jiwe gumu, imo kwenye huu unga wa juu, unaopukutika ukiligusa jiwe, unaokwenda kwenye vidole, kwenye kitenge, kwenye ndoo ya maji.

Mwenyekiti alikuja akasimama mbele yangu. Si mbele ya bosi. Mbele yangu, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na mkono kwenye mashine.

"Mwanangu. Una uhakika?"

Ningependa mjue kwamba mimi hurudi kuukagua mlango wa chumba changu nikiwa nimefika stendi. Nimewahi kurudi kukagua kama nilikagua. Neno uhakika kwangu ni nguo ya mtu mwingine. Nikalitazama banda: zile nguzo, yale mabati ambayo alikuwa ameyakalia mabenchi ya ofisi ili yapatikane, na watoto wawili wakijimwagia maji pale pampuni, hatua chache kutoka kwenye mawe. Nikatafuta lile jibu la tatu. Halikuwepo.

"Ndiyo, mama," nilisema. "Msiyaponde hapa."

Aligeuka akayatazama mabati juu, kwa muda mrefu, kana kwamba anahesabu misumari yake.

Bosi akawaeleza yaliyobaki. Kwamba angechukua mawe mengine yasiyopakwa chochote, apeleke maabara kubwa kuthibitisha. Kwamba lililo bora ni kutoyaponda kwa mkono kabisa, mpaka wapate namna ya kuyasaga yakiwa ndani ya maji. Kina mama walimsikiliza kwa heshima, kisha mmoja akamuuliza kwa upole watoto watakula nini mpaka hapo. Basi, bosi alisema, ikibidi, yapondeni yakiwa yamelowa chepechepe, vitambaa puani, mikono na nguo zioshwe kabla ya kumshika mtoto. Na iwe mbali na maji, mbali na nyumba, mahali ambapo upepo unatoka kwenu na kwenda porini. Akasimama, akageuka kuangalia upepo unaelekea wapi, akanyoosha mkono kuonyesha.

Mkono wake ulimwelekea yule msichana.

Sote tuliangalia. Alikuwa amekaa tena kwenye kijiwe chake. Nyuma yake hakukuwa na kitu isipokuwa vichaka na mteremko unaoikimbia pampu. Wakati walipokuwa wanamfukuza kwa harufu, kina mama walikuwa wamechagua, bila kupima chochote, sehemu iliyofaa kuliko zote kijijini.

Mwenyekiti alicheka kwanza kwa pua, halafu akacheka kabisa, halafu akasimama akafunga kanga yake upya kiunoni.

"Leteni ngazi," alisema. "Bati zinashuka leo. Kikao tumeshamaliza."

Wanaume wakaitwa kutoka duarani. Mimi nilishika upande mmoja wa bati, nikiwaza kuhusu kukatwa vidole, na nyuma yangu kina mama walibeba nguzo begani wakiimba kitu cha Kisukuma ambacho nilielewa neno moja tu, samli. Wengine walibaki na majembe kukwangua udongo wa juu pale uwanjani, vitambaa puani, mama mzee akiwasimamia. Watoto walifukuzwa pampuni mpaka kazi iishe.

Tulipofika ng'ambo, msichana hakuinuka. Aliwaacha wote wasimame mbele yake na nguzo begani, jua likiwapiga, mpaka mwenyekiti akakohoa.

"Dada," mwenyekiti alisema. "Tunaomba tukae."

"Shikamooni wakubwa zangu," alisema yeye, kwa adabu kamili.

"Marahaba."

"Karibuni sana kwangu. Nafasi ipo." Akasogea kidogo kwenye kijiwe chake, kiasi cha kiganja. "Ila huku kwetu kuna sharti moja. Mtu asije hapa amekula kitunguu saumu."

Kisha akageuka akanitazama mimi, na bati langu mikononi, na mdomo wangu ukajifunga wenyewe.